Filamu ya kutisha haivumilii banda bovu

Filamu ya mapigano huvumilia banda la video lenye bati la matundu na muuza karanga anayekatiza mbele ya skrini. Ya kuchekesha hunoga zaidi watu wakiropoka. Ya kutisha haina uvumilivu huo, kwa sababu kinachomshika mtazamaji si kile anachokiona bali kile anachongoja kukiona. Moyo unakwenda mbio, mwili unajiandaa kukimbia, na huku akili inajua kabisa kwamba mtu amekaa kwenye benchi pale Chikongola, mjini Mtwara. Utamu wote umo katika kungoja huko, na simu moja ikilia, kumekatika. Mwenye banda akiiweka saa 9 alasiri na watu wakacheka, asiilaumu filamu.

Basi anza na saa. Mtwara jua huzama saa 12 na dakika chache mwezi Juni, na baada ya saa 12 na nusu mwezi Desemba. Giza la kutosha hulifuata kwa karibu nusu saa, kwa hiyo saa 1 na robo usiku inafaa mwaka mzima. Matundu ya bati yatafute adhuhuri: funga mlango, simama ndani, kila tundu litajionyesha lenyewe. Kuta nyeupe nazo ni adui, maana huurudisha mwanga wa picha kwenye skrini na weusi unageuka kijivu. Tundika kaniki kwenye kuta za pande zote mbili, kuanzia kwenye skrini hadi mita 2 nyuma. Projekta nyingi huhitaji umbali wa kama mara moja na nusu ya upana wa picha. Picha ya mita 2, projekta iwe mita 3 nyuma. Kwenye menyu ya projekta chagua mpangilio wa sinema, si ule wa rangi kali.

Sauti ndiyo yenye kazi kubwa, na ndiko makosa yalikojaa. Usitumie spika ya bluetooth: sauti yake huweza kuchelewa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na mshtuko uliochelewa kiasi hicho ni kelele tu. Tumia waya. Spika ziwe mbele, chini ya skrini, usawa wa masikio ya waliokaa. Kiwango cha sauti kipime kwenye mazungumzo ya chini kabisa, yasikike benchi la nyuma, kisha pima mandhari yenye kelele. Spika ikikwaruza, punguza besi kwanza. Kama runinga ina kipengele cha kusawazisha sauti, kizime, kwani hupandisha ukimya na kushusha mshtuko mpaka vinalingana. Jenereta likae nyuma ya ukuta, mbali iwezekanavyo. Usiku wa mvua kubwa weka filamu nyingine, maana bati halitaruhusu ukimya.

Nakala zenye mtafsiri anayeongea mwanzo mwisho zinafaa sana kwa mapigano. Kwa filamu ya kutisha zinaua, kwa kuwa anajaza pale palipoachwa patupu makusudi. Tafuta yenye maandishi ya chini.

Katika kuchagua, penda ile inayochelewesha kiumbe chake. Papa wa mashine aliyeundwa kwa ajili ya Jaws (1975), filamu ya papa mla watu, aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, hivyo mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumwonyesha kidogo na kuuachia muziki kazi; hofu ikazidi. Wamakonde hawahitaji kufundishwa hili: mchezaji wa midimu, ngoma yao ya vinyago, hufunikwa uso na mwili, na kutojua ni nani aliye ndani ni sehemu ya nguvu ya ngoma. Kwa hiyo usibandike mlangoni bango lenye sura ya kiumbe. Bandika daraja la umri la Bodi ya Filamu Tanzania, na ulifuate. Mtoto anayelia ananyang'anya banda zima hofu yake, naye anaondoka na hofu isiyomfaa.

Umeme ukikatika, usiendelee ulipoishia. Rudisha nyuma dakika 5 hadi 8, mpaka mahali tulivu, ili woga upande upya. Filamu ikiisha, acha majina yapite gizani, kisha washa taa ya mlangoni kabla ya nyingine.