Jinsi ya Kuomba Tathmini ya Elimu Maalumu kwa Mtoto Anayesoma Marekani

Mzazi anayehisi kwamba ulemavu unamkwamisha mwanawe darasani hana haja ya kungoja mwalimu alianzishe jambo hilo. Sheria ya IDEA, yaani sheria ya Marekani ya elimu ya watu wenye ulemavu, ambayo chimbuko lake ni sheria iliyopitishwa mwaka 1975, inampa haki ya kuomba mtoto afanyiwe tathmini na shule ya umma bila malipo.

Ombi liwe la maandishi, kwa sababu mazungumzo ya langoni hayaachi ushahidi. Andika tarehe, jina la mtoto na darasa lake, kisha useme: “Naomba mwanangu afanyiwe tathmini kamili ili ijulikane kama anastahili elimu maalumu.” Eleza pia unayoyaona nyumbani, kwa mfano kwamba huruka mistari anaposoma, na ubaki na nakala.

Shule ikikataa, inalazimika kukupa sababu zake kwa maandishi. Ikikubali, itakuletea fomu ya ridhaa, na tangu shule iipokee ikiwa na sahihi yako ina siku 60 za kukamilisha tathmini, isipokuwa pale jimbo lilipojiwekea muda wake. Wazazi wahamiaji huambiwa mara nyingi, “Ajue Kiingereza kwanza.” Usilikubali jibu hilo. Ni kweli kwamba kutojua Kiingereza peke yake si ulemavu, lakini ndiyo maana sheria inataka mtoto apimwe, inapowezekana, kwa lugha itakayoonyesha uwezo wake halisi.

Akionekana anastahili, kikao cha kuandaa mpango wake binafsi wa elimu, unaoitwa IEP, hufanyika ndani ya siku 30. Omba mkalimani mapema, kwani ni wajibu wa shule kumleta, na kwa maoni yangu mtoto asibebeshwe kamwe kazi ya kuwatafsiria wazazi wake. Hapo kagua malengo moja baada ya jingine: “atasoma vizuri zaidi” halipimiki, ilhali “atasoma maneno 60 kwa dakika ifikapo Mei” linapimika. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba maendeleo ya kiduchu hayatoshi. Mpango ulingane na hali ya mtoto mwenyewe. Huduma za mara ya kwanza hazianzi bila ridhaa yako, kwa hiyo unaweza kwenda na karatasi nyumbani ukazisome kwa utulivu.

Usiporidhika na matokeo ya tathmini, omba nyingine ya mtaalamu wa nje kwa gharama ya shule, nayo ama ikubali kulipia, ama iombe shauri lisikilizwe ili itetee tathmini yake.