Mtandao wa 4G nyumba ya bondeni: pima kwanza, nunua baadaye

Huku Rungwe, mkoani Mbeya, kuanzia Kiwira mpaka Tukuyu, nyumba nyingi zimejificha nyuma ya vilima na migomba. Kilima kikikaa kati yako na mnara, ruta ya bei kali haikusaidii kitu. Mafundi wengi huanza kwa kukuuzia antena. Mimi naanza kwa kupima.

Hatua ya 1. Kwenye Android piga *#*#4636#*#*, au fungua mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini. Tafuta namba yenye dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi; ina alama ya kutoa, na ikikaribia sifuri ndivyo bora. Vile vistari vya juu ya kioo achana navyo, kila mtengenezaji wa simu huvichora anavyotaka. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 inavumilika, -115 video itazunguka tu. Namba ikipanda kwa 3, nguvu ya mawimbi imeongezeka maradufu.

Hatua ya 2. Pima ndani, nje, na juu ya ngazi. Kila mahali subiri namba itulie, kisha andika. Bati hurudisha mawimbi, kwa hiyo usishangae nje ikizidi ndani kwa 10. Hiyo ni nguvu mara kumi, bure. Dirisha la upande wenye namba bora likitosha, weka ruta hapo, kazi imeisha.

Hatua ya 3. Haitoshi? Sasa nunua antena ya nje. Hapa ndipo hela za watu hupotea: wanavuta kebo nyembamba ya antena mita 15 hadi sebuleni, nayo inameza karibu chote kilichopatikana juu. Fanya kinyume. Ruta ikae juu, karibu na antena, ndani ya boksi lisilopigwa na mvua lakini lenye matundu ya hewa. Kebo ya antena iwe mita moja au mbili. Kutoka kwenye ruta shusha kebo ya LAN, ile ya kuunganisha kompyuta, ambayo hufika mita 100 bila shida.

Hatua ya 4. Mmoja azungushe antena kidogo kidogo, mwingine asome ukurasa wa mipangilio ya ruta. Angalia zaidi SINR, yaani mawimbi yamezidi kelele kwa kiasi gani. Mara nyingine mnara wa ng'ambo ya bonde hushinda ule wa jirani uliozibwa na kilima.

Hatua ya 5. Mlingoti uunganishwe na waya wa ardhi. Radi za huku hazina utani. Viungio vya kebo vizungushie tepu ya mpira, na kebo iache ilegee chini kidogo kabla ya kuingia kwenye boksi, ili maji yadondokee hapo. Yakipenya kwenye kiungio, namba hushuka taratibu, na wewe unabaki kuilaumu kampuni ya simu.