Jinsi ya kuomba cheti cha ukocha wa mazoezi: anza na mwanasesere wa plastiki

Kwa miaka mingi nilikuwa yule mtu wa jimu ambaye kila mgeni humuuliza skwati inapigwaje, naye hueleza bure huku jasho lake likikauka. Siku nilipotaka kulipwa kwa maelezo hayohayo ndipo nikagundua kwamba kujua skwati ni kitu kimoja, na kuwa na karatasi inayosema unaijua ni kitu kingine kabisa. Karatasi hiyo nimeipata mwezi uliopita. Ningeipata mapema zaidi kama ningefuata mpangilio huu.

Kabla ya kulipa senti popote, nenda kwenye jimu unakotaka kufanya kazi umuulize meneja wanapokea vyeti vya nani. Ni mazungumzo ya dakika tano. Namjua jamaa aliyesoma kozi ya wikendi moja akapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu, kinapendeza ukutani, na hakuna jimu hata moja iliyokitambua. Wanaouza kozi wote watakuambia yao imeidhinishwa. Wewe uliza imeidhinishwa na nani. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wapo wanaojiidhinisha wenyewe. Kwa vyeti vya Marekani, chombo cha kuangalia ni NCCA, tume inayoidhinisha vyeti vya kitaaluma, na taasisi nne zinazotajwa zaidi chini yake ni ACE, NASM, ACSM na NSCA. Uingereza wana ngazi: unapita ya 2, ya mwalimu wa jimu, kisha ya 3, ya kocha binafsi.

Masharti ya umri (kwa kawaida miaka 18) na elimu hayamsumbui mtu. Jaza, endelea.

Sasa tufike mahali nilipoungulia. Katikati ya fomu kuna kisanduku kidogo kinachokutaka upakie cheti cha CPR na AED, yaani kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama na kutumia ile mashine ya kumshtua. Nilikiona kama jambo la pembeni. Nikatafuta kozi mtandaoni, nikatazama video, nikajibu maswali, na kabla chai haijapoa cheti kilikuwa mkononi. Nikakipakia, nikachagua tarehe ya mtihani, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Siku tisa kimya. Ya kumi ikaja baruapepe ya mstari mmoja: hati haikukidhi vigezo. Kigezo kipi, hawakusema. Nikapiga simu, nikasikilizishwa muziki mpaka nikaukariri, kisha dada mmoja mwenye sauti ya upole akaniambia nisome mwongozo wa mtahiniwa. Nikausoma. Huko ndani, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba cheti lazima kiwe cha mafunzo yenye sehemu ya vitendo, ukionekana na mkufunzi. Video peke yake haihesabiki. Nilipotafuta darasa la vitendo, nafasi iliyokuwa karibu ilikuwa baada ya wiki tatu, tarehe yangu ya mtihani ikapita, na kuihamisha kuna ada yake. Kwa hiyo CPR nililipia mara mbili na tarehe nikalipia mara mbili, yote kwa ajili ya kisanduku kimoja.

Hasira iliniisha siku ya darasa. Unapiga magoti mbele ya mwanasesere wa plastiki, unamkandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 bila kuzidi 6, na kila mara unaachia kifua kirudi juu chenyewe. Mara 30, unampulizia pumzi 2, tena 30. Mimi niliyejiona mwenye nguvu, dakika ya pili mikono ilikuwa inatetemeka. Kumbe ndiyo maana waokoaji wanafundishwa kupokezana kila dakika 2. Hilo video haikufundishi. Basi weka nafasi ya darasa hili kabla hujagusa fomu, na kwa kuwa vyeti vingi vya CPR hudumu miaka 2, hakikisha chako hakiishi kabla ya siku ya mtihani.

Jina nalo. Andika lilivyo kwenye kitambulisho chenye picha utakachokwenda nacho, herufi kwa herufi. Mimi nilikuwa nimeandika majina mawili, kitambulisho kina matatu, na aliyenisaidia kurekebisha alinieleza kwa utulivu kwamba ningerudishwa mlangoni. Ukifanyia mtihani nyumbani, msimamizi atakutaka uzungushe kamera chumba kizima na meza iwe tupu. Waambie watu wa nyumbani mapema wasiingie.

Mtihani wenyewe haulingani kila mahali: wa ACE una maswali 150 kwa saa 3, wa NASM 120 kwa saa 2. Nilipoteza usiku kadhaa nikikariri majina ya misuli kwa Kilatini. Yapo, lakini maswali yaliyonisumbua yalikuwa ya aina hii: mteja mpya anasema anahisi kizunguzungu akipanda ngazi, utafanya nini kwanza? Mtu wa jimu atachagua kumpunguzia uzito wa vyuma. Jibu ni kusimamisha mazoezi na kumwelekeza kwa daktari. Jizoeze kujibu kama mtu mwenye mipaka ya kazi, maana kocha hatambui ugonjwa wala haandiki dawa.

Ukifaulu, usimpokee mteja siku hiyohiyo. Kata kwanza bima ya dhima, kwa sababu mgongo wa mtu ukiteguka mikononi mwako, cheti hakitalipa hospitali. Halafu chukua fomu ya PAR-Q+, ile yenye maswali 7 ya mwanzo kuhusu moyo, maumivu ya kifua, dawa, viungo na kadhalika, mteja aijaze na kuweka saini kabla hajashika chuma. Wengine watakucheka. Wacheke wakiwa wanajaza.

Na cheti kinaisha. ACE na NASM wanataka ukihuishe kila miaka 2 kwa saa 20 za masomo ya ziada, na CPR yako iwe hai wakati huo. Yangu itaisha kabla ya cheti cha ukocha. Tarehe hiyo nimeibandika kwenye mlango wa friji, na pembeni yake namba ya simu ya darasa la mwanasesere.