Kabla hujaitupa moduli ya leza

Kijana wangu wa kazi alinijia na moduli tatu mfukoni, vile vijidude vya kutuma data kwa mwanga ndani ya faiba (uzi wa kioo), hazina vizibo vya kuzuia vumbi. "Shikamoo mjomba. Hizi za ile hoteli ya Shangani zimekufa." Nikazichomeka kwenye swichi yangu ya mtandao ya mezani: zote nzima.

Basi taa ya laini kwenye swichi isipowaka, soma kwanza ubavuni mwa moduli. Ikiwa imeandikwa 850 nm, yaani urefu wa wimbi la mwanga wake (kishikio chake mara nyingi cheusi), ndani mna ile leza inayotoa mwanga kwa juu ya kijipande chake, si kwa ukingoni. Wazo lake ni la Mjapani Kenichi Iga, 1977. Kwa kuwa inawaka kwa juu, kiwandani hupimwa kabla kisahani chenye leza nyingi hakijakatwa vipande; ndiyo sababu moja ya urahisi wa bei yake.

Leza hii yataka faiba yenye kiini cha mikromita 50, kebo ya rangi ya feruzi. Ukiichomekea ile ya njano, kiini chake mikromita 9 tu, mwanga mwingi unamwagika nje. Kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, faiba hiyo ya daraja la OM3 hufika mita 300, ya OM4 mita 400. Toka chumba cha seva hadi mapokezi, sawa. Shangani hadi Darajani usijisumbue.

Usichungulie tundu kwa jicho. Mwanga upo, ila karibu huuoni. Kamera ya mbele ya simu nyingi itakuonyesha kidoa cheupe chenye uzambarau.

Sasa uchafu, na hapa ndipo kazi ilipo. Majumba ya Mji Mkongwe yanapukutika chokaa saa zote. Nilizima vifaa pande zote mbili, nikaitia ncha ya kebo ya hoteli ile chini ya hadubini ya mkono: mchirizi wa mafuta ya kidole, na juu ya kiini punje nyeupe imekaa kama kaa juu ya mwamba. "Ulifutia nini?" Akanionyesha pindo la shati.

Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi, spiriti ya asilimia 99. Ile ya duka la dawa ya 70 ina maji, huacha alama. Futa mara moja kwa upande mmoja, hamia sehemu safi, maliza kwa kikavu. Tazama tena ndipo uchomeke.

Kwenye swichi, mwanga unaopokewa ulikuwa -14 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; kadiri unavyoshuka chini ya sifuri ndivyo ulivyo hafifu), na moduli hizi hazitakiwi kushuka chini ya -9.9. Baada ya kufuta ukasoma -3.

Vizibo vya moduli sasa vimo kwenye kopo la maziwa ya unga, mfuniko umebana. Shati nimemwambia akalifue.