Somo: Chakula cha Derby ya Mashemeji, na Mpishi Naye Aone Mechi

Derby ya Mashemeji ni Gor Mahia, timu yenye mashabiki wengi Waluo, wakikutana na AFC Leopards, yenye mashabiki wengi Waluhya; mara nyingi mpira huchezwa Nairobi, lakini joto lake huku Kisumu ni lilelile. Wenye jezi za kijani na wenye bluu na nyeupe huingia sebule moja, na wengine wao ni mume na mke. Leopards walianza mwaka 1964 wakiitwa Abaluhya United, Gor wakaanzishwa 1968, kwa hiyo ushindani huu umerithiwa na wajukuu. Ukialika watu siku hiyo, wanaangalia sahani kabla ya kuangalia runinga. Ukipika samaki peke yake, shabiki wa Ingwe, yaani Leopards, atakula na kushukuru, ila atajua hukumfikiria. Ukiweka kuku peke yake, wa K'Ogalo, yaani Gor, naye ataona vivyo hivyo.

Sababu kubwa ya somo hili, hata hivyo, ni mpishi. Katika nyumba nyingi aliyepika husikia vifijo akiwa jikoni, kisha anasimuliwa jinsi bao lilivyoingia. Sikubaliani na mpango huo hata kidogo. Mpishi ana timu yake, na ana haki ya kuketi filimbi ya kwanza inapolia. Vyakula ninavyopendekeza hapa vinampa nafasi hiyo.

Hatua ya 1: Jua saa ya mechi na nani anakuja

Mechi ya saa tisa au saa kumi mchana inataka mlo kamili wakati wa mapumziko, kwa sababu wengi watakuja bila kula cha mchana wakijua umewaalika. Ukitazama ligi ya Uingereza, zile mechi za Jumamosi zinazoanza saa tisa alasiri kwao huwa saa kumi na moja jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili wakati wa baridi, maana wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Usiku wa Ligi ya Mabingwa, saa nne au saa tano, usisonge ugali. Viazi vitamu vya kuchemsha, njugu na chai vinatosha, na watu watalala vizuri.

Uliza mapema juu ya imani za wageni. Wasabato, nao ni wengi Nyanza na Kisii, hawali samaki asiye na magamba, kwa hiyo mumi (kambare) mwache sokoni. Ukiwa na wageni Waislamu, kuku achinjwe na Mwislamu. Mambo haya yanaulizwa kwa simu siku mbili kabla, si mezani.

Hatua ya 2: Chagua chakula kikuu kimoja kila upande, usizidishe

Kwa derby ninachagua samaki na kuku wa kienyeji. Basi. Nimeona meza zenye aina saba za mboga na nyama, na kila kitu kimepoa kabla ya kipindi cha pili. Viwili vikuu, mboga mbili, ugali, na vitafunio vya kuanzia.

Hatua ya 3: Samaki

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ngege (tilapia) mzima wa kukaanga ni mtamu, na heshima ya meza ya Kiluo ni samaki mzima. Lakini ngege ana miiba, na mtu anayemtazama mshambuliaji akibaki na kipa hatazami mwiba. Mtoto ndiye anayeumia zaidi. Kwa siku ya mechi nachukua mbuta (sangara). Nunua minofu, ukate vipande vya ukubwa wa kiganja, na utakuwa umeondoa karibu hatari yote. Kama kuna mzee ambaye bila ngege mzima hajala samaki, mkaangie wake mmoja na umwandalie mezani wakati wa mapumziko, akiwa hatazami kitu kingine.

Ukienda ufuoni Dunga, hapa Kisumu, asubuhi, tazama jicho la samaki: liwe angavu na lisiwe limezama. Inua shavu uone matamvua kama bado ni mekundu. Bonyeza mnofu kwa kidole. Ukirudi haraka, nunua. Ukibaki na shimo, mshukuru muuzaji uende meza inayofuata.

Nyumbani paka chumvi na ndimu, acha vipande vichuje maji kabisa, ndipo uvikaange kwenye mafuta yaliyochemka sawasawa. Fanya hivyo saa mbili kabla ya mechi. Pembeni tengeneza rojo la vitunguu, nyanya nyingi na dania. Dakika ya 35 ya kipindi cha kwanza unatumbukiza samaki kwenye rojo, moto mdogo, na unarudi kuketi. Mapumziko yakifika, samaki amelainika na amenyonya mchuzi.

Hatua ya 4: Kuku

Kuku wa kienyeji hataki haraka. Jogoo mzee anaweza kula saa mbili za moto au zaidi, kwa hiyo awe jikoni mapema asubuhi. Mbabue kwenye moto baada ya kumnyonyoa, maana ile harufu ya moshi ndiyo watu wa Kakamega na Vihiga wanaitafuta. Chumvi, kitunguu, nyanya, na maji ya kutosha mchuzi. Viungo vingi vya pakiti vinamfunika. Ukiwa umelipia kuku wa kienyeji, mwache awe na ladha yake. Kuku wawili wakubwa wanatosha watu kumi na wawili iwapo samaki wapo. Faida yake kwa mpishi ni kwamba akishaiva anaweza kupashwa moto mara moja bila kuharibika.

Hatua ya 5: Mboga na ugali

Osuga (mnavu) ipikwe jana yake na kulazwa na maziwa, uchungu utapungua na kazi itakuwa imeisha. Mrenda ninaupenda sana, lakini huvutika kutoka sahani hadi kochi. Uchanganye na kunde, kama wanavyofanya Waluhya wengi, upungue kuteleza, na uliwe mezani tu.

Ugali ndio pekee unaomtoa mpishi sebuleni, na nimekubali hilo. Bandika maji dakika ya 25, songa, epua kabla ya mapumziko. Pakiti ya kilo mbili hulisha watu wazima wanane hadi kumi wenye njaa. Ukiweza, changanya unga wa mtama na muhogo. Pande zote mbili za derby zinaujua, na haukauki upesi kama ule mweupe. Bora zaidi, mpe kazi hiyo mtu ambaye mpira haumsumbui. Katika kila ukoo yupo.

Hatua ya 6: Vya kutafuna mpira ukiendelea

Omena (dagaa) wakavu wa kukaanga hawana mshindani. Wachambue utoe mchanga na takataka, waoshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu, waanike juani mpaka wakauke, kisha wakaange kidogo kidogo mpaka wasikike wakivunjika. Chumvi, pilipili, ndimu. Usiwafunike wakiwa moto, watalainika.

Upande wa pili weka mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe. Unapikwa asubuhi, unaliwa hata ukiwa umepoa, na unakatika vipande vinavyoshikika kwa mkono. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, nayo huchemshwa usiku. Njugu mawe zikiwa msimu wake, chemsha na chumvi uweke bakulini. Kachumbari iwe tele.

Hatua ya 7: Maji ya kunawa

Mapumziko ni dakika 15. Watu kumi na watano wakipanga foleni mbele ya beseni moja, wa mwisho atakula kipindi cha pili kikiwa kimeanza. Weka majagi mawili na mabeseni mawili, moja sebuleni na moja nje, na kijana wa kumwagia kila moja. Wazee wanawishwe mikono dakika ya 40 palepale walipoketi.

Maswali yaliyoulizwa

Swali kutoka Mumias: Firigisi nimpe nani? Baba mwenye nyumba ni wa Ingwe, na shemeji yetu mkubwa wa K'Ogalo ni mgeni.

Kwa desturi imondo, yaani firigisi, humwendea mwenye nyumba au mgeni anayeheshimiwa. Kwa kuwa una kuku wawili, una firigisi mbili. Mpe kila mmoja yake kwenye sahani yake, usiiache kwenye bakuli la pamoja ikagombaniwa na vijana. Kama kuku ni mmoja, mwambie baba faraghani amkabidhi mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Itamletea sifa kuliko kuila.

Swali kutoka Migosi: Mama yangu atakuwa kwetu siku hiyo, na mume wangu, kwa kuwa ni mkwe wake, hawezi kula naye mahali pamoja. Nyumba ni ndogo.

Dada, panga sehemu mbili tangu mwanzo. Akina mama wakubwa wapewe chumba cha ndani au kivuli cha nje pamoja na redio, maana mechi nyingi za derby hutangazwa redioni, na wapelekewe chakula kwanza, kabla ya sebule. Mama akitaka kuona mpira, mumeo na wenzake watazame kwa jirani. Mzungumze na mumeo mapema ili mama asijione amefichwa.

Swali kutoka Nakuru: Sisi huku tumechanganyika, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo na Waluhya. Tutatazama Harambee Stars, timu ya taifa. Nyama choma si ndiyo inaunganisha wote?

Inaunganisha, lakini inamfunga mchomaji nje dakika 90. Choma mbuzi kabla, katakata nyama yote, iweke ndani ya sufuria iliyofunikwa, na moto uzimwe wimbo wa taifa unapoanza. Kisha mukimo wa Wakikuyu (viazi vilivyopondwa na mahindi), ambao hukaa na moto muda mrefu, mursik (maziwa ya kuganda ya Wakalenjin) kwa wanaoupenda, na omena wa kutafuna. Huko kwenu sioni haja ya samaki wa mchuzi. Ziwa la Victoria liko mbali, na samaki aliyesafiri jua kali simwamini.

Swali kutoka Kakamega: AFCON ya 2027 italetwa Kenya, Uganda na Tanzania. Tukipata wageni wa nchi hizo, tubadilishe nini?

Matoke ya kupondwa kwa Waganda, na mchuzi wa karanga ukiweza. Kwa Watanzania, mishikaki au chipsi mayai, ila chipsi mayai hupikwa sahani moja moja, kwa hiyo fanya mishikaki. Omena usiwaondoe: dagaa wa ziwa lilelile huliwa Mwanza na Jinja, na wageni wote watawatambua.

Swali kutoka Nyalenda: Mechi ikienda muda wa nyongeza na penalti, chakula kimeshaisha. Nifanye nini?

Tenga sufuria ya uji wa wimbi tangu mwanzo, uwe mzito kidogo, na usiutaje kwa mtu. Muda wa nyongeza ni dakika 30, halafu penalti. Dakika ya 90 ikipita matokeo yakiwa sare, upashe moto na uwagawie kwa vikombe. Derby ya ligi haina muda wa nyongeza, kwa hiyo siku hiyo uji huo ni kifungua kinywa cha watoto kesho yake.