Kukokotoa joto linalopotea kabla ya kumwaga zege la sakafu ya mabomba ya maji moto

Usinunue boila wala bomba kabla hujajua jengo linapoteza joto kiasi gani usiku wa baridi kali. Tuchukue gereji ya mita 6 kwa 8 huko Minneapolis, mji wa baridi kali Marekani, yenye kuta za mita 3. Ndani unataka nyuzi 18 za Selsiasi. Nje weka -24, si wastani wa msimu. Tofauti ni nyuzi 42.

Kila sehemu: eneo × thamani U (wati zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti) × 42. Kuta, ukishatoa mlango na dirisha, zina mita za mraba 71.5, kwa U 0.35 zinapoteza wati 1,051. Mlango wa gari (10.5, U 1.2) wati 529, dirisha (2, U 1.8) 151, dari (48, U 0.15) 302. Tumia U ya ukuta mzima pamoja na mbao zake. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti ya pamba ya kioo haihesabu mbao. Hewa inayopenya: ujazo wa mita za ujazo 144 × 0.5 (nusu ya hewa hubadilika kila saa) × 0.33 (joto linalobebwa na hewa) × 42 = wati 998.

Sakafu ndiyo inayowachanganya wengi. Joto lake hutorokea zaidi ukingoni, kwa hiyo pima mzingo: mita 28. Ukitandika foamu ya XPS (mbao ngumu za povu la plastiki za kuzuia joto) ya sentimita 5 chini kote na ukingoni, kila mita hupoteza takriban wati 0.95 kwa kila nyuzi, yaani 1,117. Bila foamu ni 2.34, yaani 2,752. Na usidanganyike na unene: sentimita 10 za zege huzuia joto kidogo kuliko milimita 3 za XPS. Ukiisahau foamu, zege likishakauka hakuna njia ya kuiingiza chini.

Jumla, sakafu ikiwa na foamu, ni wati 4,148; hiyo ndiyo kazi ya boila. Kinachopanda chumbani ni kidogo zaidi: toa 1,117 zinazopotea kupitia sakafu yenyewe, gawa kwa eneo la 48, unapata wati 63 kwa mita ya mraba. Gawa kwa 11 (wati ambazo kila mita ya mraba ya sakafu hutoa kwa kila nyuzi): uso wa sakafu utazidi hewa kwa nyuzi 6 hivi, yaani 24. Hesabu ikikupeleka juu ya nyuzi 29, sakafu ni moto mno: zidisha foamu, si moto.

Maji yakipoa nyuzi 6 njiani, na lita moja ikibeba jouli 4,186 kwa kila nyuzi: 4,148 ÷ (4,186 × 6) = lita 0.165 kwa sekunde, karibu 10 kwa dakika. Bomba la PEX (plastiki inayopindika) likilazwa kila sentimita 25 ni mita 192. Ligawe mizunguko mitatu ya mita 64. Ukichanganya glaikoli (kimiminika cha kuzuia maji yasigande), ongeza mtiririko kama asilimia 10, kwani hubeba joto kidogo kuliko maji matupu.