Kuvua ngege kwa kayaki katika Ghuba ya Winam wakati wa masika

Ghuba ya Winam, yaani ule mkono wa Ziwa Victoria unaoingia nchini hadi Kisumu, ni ya kina kifupi, na katika hori nyingi zilizo karibu na mji kamba ya mita 4 hugusa tope bila shida. Kayaki huelea kwenye maji yasiyofika magotini, kwa hiyo hukufikisha kwenye kingo za mafunjo ambako mashua yenye injini huogopa kunasa pangaboi. Mwongozo huu unahusu kuvua ngege, yaani tilapia, katika miezi ya Machi hadi Mei, na unamlenga mtu anayejua kupiga kafi na anayeweza kuipanda tena kayaki yake baada ya kupinduka. Asiyeweza la pili ajifunze kwanza karibu na ufuo, akiwa na mwenzake.

Hatua ya kwanza: panga safari kwa kufuata upepo

Wageni wengi huniuliza samaki hula saa ngapi, ilhali swali la kwanza lingekuwa upepo hugeuka saa ngapi. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Jua likishapasha ardhi hugeuka na kuvuma kutoka ziwani kuja Kisumu, na kufikia saa saba mchana huwa umeinua mawimbi mafupi yanayofuatana karibu karibu, ambayo humchosha mpiga kafi kuliko mawimbi makubwa yaliyoachana. Mimi huondoka mnamo saa moja asubuhi na huwa nimerudi kabla ya saa tano.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba ukichelewa kidogo, upepo hukusukuma nyumbani. Ubaya wake ni kwamba hukusukuma pamoja na magugumaji. Asubuhi huyaona mbali, kama kisiwa cha kijani kilichotulia. Mchana kisiwa hicho hicho huja kutua kwenye ufuo uliotokea. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilikawia kwa sababu ngege walikuwa wakila vizuri, na niliporudi nilikuta ufuo wote umezibwa. Nilijaribu kupenya kwa nguvu. Kafi lilinasa kwenye mizizi, na kila nilipolichomoa kayaki ilirudi nyuma kiasi kile kile nilichokuwa nimesonga, hadi mzee mmoja aliyekuwa akipita na mtumbwi wake akanionea huruma.

“Kijana, usishindane nayo,” aliniambia. “Zunguka pale kwenye mafunjo, kuna mlango.”

“Asante, mzee. Nimehangaika hapa karibu saa nzima.”

“Nimekuona.”

Tangu siku hiyo sitoki kabla ya kuchagua ufuo wa pili wa kurudia, na ninapopita kwa wahusika wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, kujitambulisha, huwauliza pia magugumaji yalilala wapi jana jioni.

Hatua ya pili: hakikisha kiboko yuko wapi

Viboko hulisha nchi kavu usiku na hurejea majini karibu na mapambazuko, na ndiyo sababu siondoki gizani, hata kama maji ni shwari kama kioo. Kiboko aliyezama kwa kawaida huibuka kuvuta pumzi kila baada ya dakika 3 hadi 5. Kwa hiyo simama ufuoni na utazame maji kwa dakika 10 kamili, bila kushika simu. Aliyepo atajionyesha angalau mara moja. Usikate kati ya kiboko na maji ya kina, wala kati ya mama na mtoto wake, na usiingie kwenye kichochoro cha mafunjo ambacho huoni mwisho wake.

Hatua ya tatu: andaa vifaa vichache

Jaketi la kujiokoa huvaliwa. Halifungwi nyuma ya kiti. Ufito wa mita 2 unatosha, pamoja na mshipi wa kilo 4 au 5, ndoana ndogo za namba 8 au 10, chubwi nyepesi na boya jembamba. Chambo bora wakati wa mvua ni nyungunyungu, kwa kuwa mvua yenyewe huwasomba na kuwaingiza ziwani, na ngege huwa amekwisha kuwazoea. Wachukue pamoja na udongo wao wenye unyevu, uwafunike wasipigwe na jua. Kwa nanga natumia jiwe la kilo 2 ndani ya mfuko wa wavu, na kisu kidogo cha kukata kamba kikae mahali ambapo mkono wowote unafika.

Hatua ya nne: chagua mahali na utie nanga

Mvua kubwa ikishanyesha milimani, mito kama Nyando na Kibos huleta maji ya rangi ya chai ya maziwa, na maji hayo hayachanganyiki mara moja na yale ya kijani ya ghuba. Hubaki mstari unaoonekana wazi ukisimama mahali pa juu kidogo. Ninavyojua mimi, ngege hukaa upande wa kijani wa mstari huo, hatua chache tu kutoka kwenye tope, wakingoja kinachosombwa. Mahali pengine pazuri ni ukingo wa magugumaji yaliyonasa na kutulia. Yale yanayotembea yaache.

Nanga ifungwe kwenye omo (mbele) au kwenye tezi (nyuma), kamwe isifungwe ubavuni, kwa maana wimbi likija kamba huvuta ubavu chini na kayaki hupinduka kabla hujatanabahi. Toa kamba yenye urefu wa angalau mara tatu ya kina.

Hatua ya tano: soma boya

Hapa ndipo wengi hupoteza samaki. Ngege hazamishi boya mara moja kama mumi (kambare) afanyavyo. Kwanza boya hutetemeka, kama mtu anayeligusa kwa ncha ya kidole. Kisha hulala ubavu, kwa sababu samaki ameinua chambo na uzito wa chubwi umeondoka. Halafu huanza kutembea kando polepole. Ukivuta wakati wa kutetemeka utatoa ndoana tupu. Ngoja litembee kiasi cha kiganja kimoja, ndipo uinue ufito kwa mkono mwepesi, bila kuunyaka.

Akifika karibu, mshike kuanzia kichwani, ukitelezesha kiganja kuelekea mkiani ili miiba ya mgongoni ilale. Mumi ana miiba kwenye mapezi ya kifuani, na kamongo, samaki mwenye mapafu, huuma kweli kweli, hivyo huyo kata mshipi ukimwona huna la kufanya naye. Nimechora alama za sentimita 25 na 50 kwenye mpini wa kafi: ngege asiyefika alama ya kwanza na mbuta (sangara) asiyefika ya pili hurudi majini. Msimu huu utakutana pia na ngege jike ambaye taya lake la chini limevimba, kwani hutunza mayai na vifaranga kinywani. Mrudishe taratibu, bila kumbana kichwa, asije akawatema.

Hatua ya sita: kurudi

Ukisikia radi hata kwa mbali, laza ufito chini na uelekee ufuoni, kwa kuwa juu ya maji wewe ndiwe kitu kirefu kuliko vyote. Shuka mahali pasipo na majani, ujikaushe mara moja kwa taulo, kwani kichocho huambukizwa kwenye maji kama hayo. Mwishowe chunguza matundu ya kutolea maji kwenye kayaki, kiti na kamba ya nanga, uondoe kila kipande cha gugumaji, hasa ikiwa wiki ijayo unaipeleka Ziwa Baringo: kipande kidogo chenye shina huchipua tena.